Goti, Kiuno na Maji: Mwongozo wa Kuanza Mazoezi Majini Hata Kama Hujui Kuogelea

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. "Daktari kaniambia nikaogelee, na mimi sijui kuogelea, nifanyeje?" "Maji si yataniongezea baridi yabisi?" "Bahari ipo hapo nje, kwa nini nilipie bwawa?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), nafanya kazi pwani, na wengi wanaonijia wamevuka miaka 50: magoti yamesagika, kiuno kinakaza, au wamepata kiharusi na mguu mmoja bado unaburuzika. Hapa nimeandika namna ninavyowaanzisha, ili hata anayeanza na ndugu yake tu asiumie.

Shika jambo moja kabla ya yote: hatuendi majini kuogelea, tunakwenda kutembea. Kuogelea kutakuja baadaye, na kwa wengine hakuji kabisa, na nafuu wanaipata vilevile.

Maji yanafanya nini

Maji yanakubeba. Yakikufika kiunoni, miguu inabaki na takriban nusu ya uzito wako. Yakikufika kifuani, inabaki na kama theluthi. Yakikufika shingoni, sehemu moja ya kumi tu. Mama wa kilo 90 ambaye hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, kwenye maji ya kifua magoti yake yanabeba kama kilo 30. Wakati huohuo maji yanakukinza: ukienda taratibu yanakupisha, ukiongeza kasi mara mbili yanakukinza karibu mara nne. Kasi yako ndiyo chuma chako cha kunyanyua. Tena yanabana miguu pande zote na kuirudisha damu juu, ndiyo maana uvimbe wa vifundo hupungua, na ndiyo maana ukikaa ndani utabanwa na haja ndogo. Nenda chooni kabla ya kuingia.

Nadharia inatosha hapo.

Nani asiingie kwanza

Usiingie kabisa ukiwa na homa, kuharisha, kidonda kilicho wazi, au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Kama umefanyiwa upasuaji, subiri kidonda kifunge chote, nyuzi zitolewe, na aliyekupasua akuruhusu. Kufunga kidonda kwa mfuko wa nailoni ukaingia hivyo ni kujitafutia usaha.

Pata ruhusa ya daktari kwanza kama una ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kifafa, au pumu inayokusumbua mara kwa mara. Kipimo kimoja rahisi ambacho namuuliza kila mtu: usiku unaweza kulala chali bila pumzi kukata? Kama unalazimika kuweka mito mitatu ili upumue, maji ya kifuani yatakuzidishia, kwa sababu yanasukuma damu nyingi kuelekea moyoni. Nenda hospitali, usije bwawani.

Na kama mguu mmoja, hasa kwenye kigimbi, umevimba ghafla, una joto na unauma, huo usiufanyie mazoezi wala usiukande. Huenda damu imeganda ndani. Siku hiyohiyo nenda ukaonwe.

Vitu vya kuandaa

- Mtu wa kuwa naye. Hili halina mjadala, hata kama bwawa lina mwokoaji. Mtu huyo awe ndani ya maji pamoja nawe wiki mbili za kwanza, na aambiwe magonjwa yako yote. Kwa aliyepata kiharusi, asimame upande uliodhoofika.
- Viatu visivyoteleza: viatu vya maji au raba nyepesi za kubana. Kandambili hazifai, zinachomoka na kuelea. Mwenye kisukari asiingie pekupeku hata siku moja, maana nyayo zilizokufa ganzi hazimwambii kama amekwaruzwa na vigae.
- Nguo za kubana: taiti na fulana ya mikono mirefu, au vazi la kuogelea linalokusitiri mwili mzima. Dera, khanga na suruali ya jinzi hujaa maji na kukuzuia miguu. Mabwawa mengine huweka saa za wanawake peke yao, ulizia.
- Madumu mawili matupu ya lita 5 yenye vifuniko vinavyokaza, au lile boya refu la sponji. Haya ni ya mazoezi. Usiyategemee kukuokoa kwenye kina kirefu.
- Maji ya kunywa, taulo, na kiti kando ya bwawa. Utaona umuhimu wa kiti hicho mwishoni.
- Dawa zako. Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta pale anapoifikia. Mwenye kisukari apime sukari kabla, awe amekula, na aweke glukosi au soda ya sukari karibu.

Kuchagua maji

Bwawa zuri kwa mwanzo lina ngazi au vidato vyenye kishikio, sakafu isiyoteleza, na sehemu ambayo maji yanakufika kifuani. Simama ukingoni utazame chini: kama huoni sakafu vizuri, usiingie.

Mabwawa ya tiba hupashwa joto la nyuzi 33 hadi 36. Bwawa la kawaida huwa nyuzi 26 hadi 28, na kwa viungo vilivyokakamaa hiyo ni baridi kidogo. Kwa hiyo nenda mchana jua likiwa limeshapasha maji, hasa ukiwa Arusha, Mbeya au Nairobi, na usisimame tu ukiwa ndani. Maji baridi hayaleti baridi yabisi. Yanachofanya ni kukaza misuli kwa muda, na kiungo kibovu kinalalamika. Wazee wetu walioona maumivu yakizidi siku za baridi hawakukosea walichokiona.

Walio kando ya Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika, naomba mnisikilize. Maji yaliyotulia yenye magugu ukingoni ndiko waliko konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima, hata isiyo na jeraha. Mazoezi ya nusu saa mara tatu kwa wiki ufukweni mwa Mwanza au Kigoma yanaweza kukutibu goti na kukupa kichocho. Tafuta bwawa lenye klorini.

Bahari nimeiwekea sehemu yake huko chini.

Hatua kwa hatua

1. Ingia kinyumenyume. Kama ni ngazi ya chuma, geukia ukuta, shika pande zote mbili, shuka. Kama ni vidato, mguu unaouma utangulie kushuka. Wakati wa kupanda ni kinyume chake: mguu mzima utangulie. Usiruke, hata kama wajukuu wanaruka.

2. Simama maji yakiwa kifuani, utulie. Tanua miguu sawa na mabega, kunja magoti kidogo, weka mikono mbele juu ya maji. Vuta pumzi puani, itoe mdomoni polepole. Kisha shusha kidevu mpaka mdomo uguse maji, upulize kama unayepoza chai. Rudia mara kumi. Zoezi hili limetoka kwa James McMillan, mhandisi aliyeanza mwaka 1949 kuwafundisha maji wasichana wenye ulemavu katika shule ya Halliwick, London. Aliwafundisha wapulize kila maji yanapokaribia uso, na ni sahihi kabisa: mtu anayepuliza hawezi kuvuta maji. Usiipite hatua hii kwa kuona haya. Hofu inakaza mabega, na mabega yaliyokaza yanaharibu kila zoezi linalofuata.

3. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kuelea. Mwenzako akushike mgongoni, ulale chali kidogo. Ili kusimama: vuta magoti kifuani, leta kichwa mbele kama unayetaka kuona vidole vyako vya miguu, sukuma maji nyuma na chini kwa viganja, ndipo ushushe miguu. Fanya mpaka ufanye bila kuwaza. Wengi waliokaribia kuzama mbele yangu walikuwa kwenye maji ya kifuani. Miguu iliteleza, wakalala, wakashindwa kujua namna ya kusimama.

4. Tembea mbele, dakika 5. Hapa ndipo kazi ilipo. Kisigino kitangulie, unyayo ulale wote, kidole gumba kisukume. Mikono ipishane na miguu kama barabarani. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuinama mbele na kutembea kwa vidole, kama anayevizia kuku. Mwili mwepesi unakudanganya, unaona unakwenda vizuri, kumbe goti halinyooki kabisa na kiuno ndicho kinachovuta. Nyoosha kifua, tazama mbele, usitazame miguu. Mwenzako akutazame kwa ubavuni na akusahihishe. Kama huwezi kunyooka, umeingia kina kikubwa mno au unakwenda haraka mno. Rudi nyuma hatua mbili, punguza mwendo.

5. Tembea kinyumenyume, kisha ubavu, dakika 2 kila mmoja. Kinyumenyume unaamsha misuli ya nyuma ya paja na ya makalio. Kwa ubavu unaamsha ya nyonga, ile inayokuzuia kuyumba. Fanya karibu na ukuta.

6. Goti. Shika ukingo kwa mkono mmoja. Inua paja mpaka liwe sawa na maji, kisha nyoosha goti mbele polepole, lirudishe. Mara 10 kila mguu. Halafu mguu wote ukiwa umenyooka, upeleke mbele, nyuma, na pembeni, mara 10 kila upande. Malizia kwa kuchuchumaa nusu: mgongo wima, magoti yaelekee vidole vya miguu, shuka kidogo, panda. Mara 10. Goti likilia bila kuuma, endelea. Likichoma, punguza kina cha kuchuchumaa.

7. Kiuno. Egemeza mgongo ukutani, miguu nusu hatua mbele. Vuta kitovu ndani kama unayefunga mkanda, shikilia huku ukihesabu mpaka tano na ukipumua kawaida. Mara 10. Ukizoea, shika dumu moja kwa mikono miwili mbele yako na ulisukume chini ya maji bila kuruhusu mgongo upinde. Dumu la lita 5 linarudisha nguvu ya karibu kilo 5. Kama ni zito, jaza maji nusu.

8. Poa. Tembea polepole dakika 3. Anayependa kuelea aelee sasa, boya likiwa chini ya kwapa na mwenzake kando.

9. Toka kama mzee, hata kama una miaka 30. Watu hawaitii hatua hii, na ndiyo inayowaangusha. Ukiwa majini, maji yanakushikia damu isijae miguuni. Unapotoka, kibano kile kinaondoka ghafla, damu inashuka, kichwa kinakuwa chepesi. Papo hapo na uzito wako wote unarudi kwenye magoti yaliyochoka. Miaka michache iliyopita nilikuwa nakusanya madumu mwisho wa kipindi, nikamwacha mzee mmoja anayetumia vidonge vya presha apande ngazi peke yake baada ya dakika 40 ndani. Alifika kidato cha juu, akayumba, akaanguka kwenye vigae akavunjika kifundo cha mkono. Kosa lilikuwa langu, nami nalikumbuka kila nikimtoa mtu. Kwa hiyo: sogea mpaka maji yawe kiunoni, simama dakika 1. Sogea mpaka magotini, simama dakika 1. Panda ukishika, mwenzako akiwa nyuma yako. Keti kwenye kile kiti dakika 5, unywe maji, ndipo uende kubadili nguo.

Kiasi gani, mara ngapi

Wiki ya 1 na ya 2, dakika 15 ndani ya maji, siku 2 au 3 kwa wiki, ukiacha siku katikati. Fanya hatua ya 1 hadi ya 5 na ya 9 tu. Najua utaona ni kidogo. Karibu kila mtu siku ya kwanza huniambia, "Mbona sijachoka, acha niendelee." Asubuhi yake hawezi kushuka kitandani, na harudi tena. Maji yanaficha uchovu, basi usijipime ukiwa ndani. Jipime kwa mambo mawili: maumivu yaliyoongezeka yawe yametulia ndani ya saa 2 baada ya kutoka, na kesho yake asubuhi goti lisiwe limevimba kuliko jana. Yote mawili yakiwa sawa, ongeza dakika 5. Moja likikataa, rudi kiwango cha nyuma.

Wiki ya 3 na ya 4 ongeza hatua ya 6 na ya 7. Kufikia wiki ya 8 wengi wanakaa dakika 30 hadi 40. Unapotaka ugumu zaidi, anza kwa kuongeza kasi, kisha ndipo usogee kwenye maji mafupi zaidi, kutoka kifuani kwenda kiunoni, ili miguu ianze kubeba.

Usihesabu mapigo ya moyo kama unavyofanya ukikimbia, kwa sababu majini hupungua. Tumia mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini usiweze kuimba.

Kwa anayejua kuogelea

Mwenye goti bovu aache mtindo wa chura. Ule mpigo wa miguu wa kutanua na kufunga unalikamua goti upande wa ndani. Mwenye kiuno au shingo asiogelee tumbo akiwa ameinua kichwa nje ya maji, mgongo unapinda njia nzima. Kuogelea chali, miguu ikipiga kidogo kuanzia nyonga, kunawafaa wote wawili. Mwenye bega linalouma asipitishe mkono juu ya kichwa kwanza; apige makasia madogo kwa viganja ubavuni.

Baharini

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi natembea kwa mkongojo, wewe wanipeleka baharini nikazame?" Nikamwambia, "Hapana mama, tutakwenda na maji yenyewe." Maana yangu ilikuwa saa za kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu bahari hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na inapotoka inavuta kwa nguvu. Siku hizo usiende. Chagua maji mafu, siku saba baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na bahari hujaa karibu saa 4 asubuhi. Ingia saa moja kabla hayajajaa, utoke kabla hayajaanza kurudi. Wakati wa upepo mkali wa kusi, mawimbi yakiwa makubwa, bwawa ni bora.

Tembea sambamba na ufuko, usielekee kina. Vaa viatu, kwa ajili ya mawe, miiba na vigae vya chupa. Mahali pa mchanga buruza miguu badala ya kuinua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka. Anayeanza baada ya kiharusi asianzie baharini. Mchanga unaosogea chini ya mguu usio na hisia ni hatari.

Mambo yakienda kombo

*Misuli ya kigimbi inakaza ghafla.* Simama, shika ukuta, vuta vidole vya mguu kuelekea muundi mpaka iachie. Toka kwa siku hiyo. Mara nyingi ni maji baridi, kutembea kwa vidole, au hukunywa maji ya kutosha.

*Kizunguzungu nikiwa ndani.* Egemea ukuta, mwenzako akushike, sogea kwenye maji mafupi, toka kwa hatua ya 9. Kikirudi mara ya pili, au kikija na maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono kulegea, ni hospitali moja kwa moja.

*Mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho akiwa majini.* Jasho halionekani majini, kwa hiyo mwenzako atazame maneno yako yakianza kupotea. Toka, kunywa soda ya sukari, pima.

*Naelea tu, miguu haigusi vizuri.* Umeingia kina kikubwa mno. Rudi mpaka maji yawe chini ya matiti.

*Ngozi inawasha baada ya bwawa.* Oga maji safi mara moja, pakaa mafuta. Ikiota vipele vinavyoenea, pumzika na uonyeshe kliniki.

*Uongozi wa bwawa unakataa raba.* Mara nyingi wanakataa raba za barabarani kwa ajili ya uchafu. Nenda na jozi mpya ya majini tu, uwaonyeshe soli, na kama una barua ya mfiziotherapia ichukue.

*Wiki sita na sijaona nafuu.* Rudi kwa mtaalamu apime upya. Inawezekana tatizo si goti bali nyonga, au mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni.

*Nimepata nafuu, niendelee majini tu?* Hapana. Maji hayawapi mifupa uzito inaouhitaji, na nyumbani hutembei majini. Kuanzia wiki ya 6, siku ambazo huendi bwawani, keti kwenye kiti cha kawaida cha mbao, kunja mikono kifuani, usimame na kuketi mara 10. Kama huwezi bila mikono, anza kwa kushika meza. Andika tarehe na idadi uliyoweza kwenye daftari, na uje nalo utakaporudi kuonwa.